Kabla ya Kuilaumu Betri: Nini Hasa Kinakula Mafuta Kwenye Haibridi

Ndugu madereva, ndugu mafundi, na nyinyi wenye magari mliokuja na swali moja: karibuni.

Swali lenyewe linajulikana. "Gari ni haibridi, mbona linakunywa mafuta?" Na mara nyingi muulizaji huwa keshajijibu kwamba betri imekufa. Leo tutabishana na jibu hilo. Betri hufa, hilo halina ubishi, na tutafika huko. Lakini haistahili kushikwa ya kwanza, maana ndiyo ghali kuliko vyote na ndiyo rahisi kusingiziwa. Mbele yake wamesimama watuhumiwa wengine: urefu wa safari zako, joto la injini, mguu wa dereva, tairi, na breki zinazoshika bila mtu kujua.

Tuelewane kwanza kuhusu gari tunalolizungumzia. Ni haibridi ya kawaida, ile isiyochomekwa kwenye umeme. Umeme wote uliomo ndani yake umetoka kwenye tangi la petroli. Hata ule unaorudi ukikanyaga breki ni mafuta uliyokwisha kuyalipia: yalilipatia gari mwendo, nawe sasa unaokoa sehemu ya mwendo huo. Hakuna chanzo cha pili cha nishati. Kazi ya haibridi ni kupunguza upotevu, na hufanya hivyo kwa njia tatu. Injini yake hufuata mzunguko wa Atkinson, ambamo valvu za kuingiza hewa huchelewa kufungwa, hivyo gesi inayowaka hutanuka zaidi ya ilivyobanwa na sehemu kubwa zaidi ya joto hugeuka kuwa kazi. Injini ya lita 1.8 ya Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2009, hufikia ufanisi wa takriban asilimia 38.5 inapokuwa mahali pake pazuri. Njia ya pili ni kuzima injini pale ambapo ingeunguruma bure, yaani kwenye taa, kwenye foleni na kwenye mteremko. Ya tatu ni mota kugeuka jenereta gari linapopunguza mwendo. Karibu kila nitakachokitaja leo ama kinaiharibu mojawapo ya njia hizi, ama kinaongeza mzigo juu yake.

Sasa, unalinganisha na namba ipi? Hapa pana mtego unaowaumiza wengi. Prius hiyo ya kizazi cha tatu, kwa kipimo cha zamani cha Japani kiitwacho 10-15, ilitangazwa kuwa inakwenda hadi kilomita 38 kwa lita. Kwa kipimo kilichofuata cha Japani, JC08, ikawa 32.6. Kwa kipimo cha zamani cha Ulaya ilikuwa lita 3.9 kwa kilomita 100, ambazo ni kama kilomita 25.6 kwa lita. Kwa kipimo cha EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, ni maili 50 kwa galoni, yaani kilomita 21 na ushei kwa lita. Gari ni lilelile. Aliyesoma 38 kwenye tangazo akapata 20 barabarani huamini ameuziwa gari bovu, ilhali kwa kipimo cha Marekani yuko karibu kabisa na kinachotarajiwa. Ukitaka namba ya kujipimia, chukua ya EPA, kwa kuwa ndiyo inayofanana zaidi na uendeshaji wa kweli.

Na upime mwenyewe. Namba ya dashibodi hupenda kukupendeza. Jaza tangi mpaka bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha mpaka ibaki robo, kisha jaza tena kwa namna ileile, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Ukiweka lita 36 baada ya kilomita 720, gawanya 36 kwa 720, zidisha kwa 100: lita 5 kwa kilomita 100, au kilomita 20 kwa lita. Tangi moja halitoshi. Pampu ikikata lita 2 mapema, hesabu yako imepotoka kwa zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo chukua matangi matatu mfululizo. Angalia pia saizi ya tairi. Gari lililoundwa kwa 195/65R15 likivishwa 195/60R15, tairi limepungua kipenyo kwa asilimia 3, na kihesabu cha kilomita kitakudanganya kwa kiasi hichohicho, tena kwa upande wa kukufurahisha.

Mtuhumiwa wa kwanza ni safari fupi, na nadhani hakuna anayedharauliwa kama huyu. Unapowasha haibridi asubuhi, injini itaamka baada ya muda mfupi hata kama betri imejaa. Kompyuta inataka kupasha joto kisafisha moshi na injini yenyewe. Katika muda huo mchanganyiko wa petroli na hewa ni mzito, oili ni nzito, na ruhusa ya kuzima injini haipo au ni finyu. Kwenye Toyota nyingi za haibridi injini haianzi kuzimwa mpaka maji ya kupoza yafike takriban 40°C, na uhuru kamili wa kuzima na kuwaka huja yakikaribia 70°C. Anayekwenda kilomita 3, akazima, akakaa saa nne, akarudi kilomita 3, hajawahi hata siku moja kuliendesha gari lake kama haibridi. Ameendesha gari la petroli lililobeba betri.

Wabunifu walilijua hili vizuri. Prius ya kizazi cha pili iliyouzwa Marekani ilikuwa na chupa ya kuhifadhi joto iliyotunza takriban lita 3 za maji ya injini yakiwa moto, hadi siku tatu, ili injini iamke ikiwa na joto. Kizazi cha tatu kikaacha chupa, kikaweka kifaa cha kuvuna joto la moshi na kulipeleka kwenye maji. Hakuna mtengenezaji anayeongeza vyuma na gharama kwa ajili ya upotevu mdogo.

Kwa dereva, tiba ni mpangilio. Unganisha shughuli. Kama una vituo vitatu, anza na cha mbali zaidi, ili injini ishike joto mara moja na vituo vya karibu uvifikie ikiwa bado ya moto. Usikae umeegesha ukisubiri injini ipate joto. Ondoka baada ya nusu dakika, kwa upole, maana injini yenye mzigo mdogo hupata joto haraka kuliko inayounguruma bure, na angalau unasogea.

Kwa fundi, swali ni thamostati. Ikikwama wazi, maji ya moto hukimbilia kwenye rejeta kabla ya wakati, injini haifiki joto lake, na kompyuta inaendelea kuinyima ruhusa ya kuzima. Dereva hataona taa wala hatasikia kelele, ila mafuta yataisha haraka. Unganisha kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na utazame joto la maji wakati gari linatembea. Thamostati ya kawaida huanza kufunguka karibu na 82°C. Baada ya dakika kumi hivi za mwendo wa kweli unatakiwa kuona maji yakikaa kati ya 80 na 95. Yakiganda kwenye 60 na kitu, hasa yakishuka kila unapoongeza kasi barabara kuu, umempata mhalifu. Msimbo wake wa hitilafu kwenye kompyuta ni P0128, lakini usiusubiri, unaweza kuchelewa. Na yule fundi anayeitoa thamostati na kuitupa "ili injini isichemke" amelivua gari nusu ya uhaibridi wake kwa bisibisi moja.

Tuje kwenye breki na mwendo, maana hapa pana hesabu tamu. Chukua gari la kilo 1,400 kwenye kilomita 60 kwa saa. Nishati iliyomo kwenye mwendo huo ni takriban kilojuli 194. Lita moja ya petroli ina kama megajuli 32, na injini nzuri inayogeuza asilimia 35 kuwa kazi inahitaji mililita 17 hivi kulifikisha gari hapo, mbali na upinzani wa hewa na tairi. Ukisimama kwa kutumia pedi na diski, mililita 17 zimegeuka joto na kupeperuka. Visimamo 58 vya namna hiyo ni lita moja.

Mota ikigeuka jenereta inaweza kuokoa sehemu nzuri ya hizo. Lakini betri ya haibridi ni ndogo: moduli 28 za nikeli kwenye Prius ya kizazi cha tatu, volti 201.6, saa-ampea 6.5, jumla kilowati-saa 1.3 tu. Betri ndogo hupokea umeme kwa kasi yenye kikomo, tuseme kilowati 20 hadi 25. Sasa simamisha gari letu kutoka kilomita 60 kwa sekunde 5: wastani wa nguvu unaotakiwa kuondolewa ni kilowati 39, na mwanzoni kabisa ni 78. Betri itachukua inachoweza, kinachozidi kinakwenda kwenye pedi. Simama kwa sekunde 15, na wastani unashuka hadi 13, mwanzoni 26. Karibu zote zinaingia kwenye betri. Gari ni lilelile na kituo ni kilekile. Ulichobadilisha ni wakati wa kuinua mguu.

Kwa hiyo mtazamo wa dereva uwe mbali, taa mbili mbele. Ukiona nyekundu, toa mguu kwenye mafuta mapema, gusa breki kidogo, ushikilie hapo, na uache kukanyaga kwa nguvu mwishoni. Chini ya takriban kilomita 10 kwa saa breki za kawaida ndizo zinazomalizia, hivyo hapo hakuna cha kuvuna. Na bora kuliko kuvuna ni kutosimama kabisa: ukifika taa ikiwa imegeuka kijani na gari bado linatembea kilomita 25 kwa saa, mwendo huo haujapita kwenye jenereta wala betri, na haujakatwa kodi njiani.

Mambo mawili ya gia. Kuweka N kwenye mteremko au kwenye foleni hakuokoi kitu: ukiwa N gari halichaji betri, na breki zako zote ni za msuguano. Ile B nayo si gia ya kuvuna zaidi, kama wengi wanavyoamini. B hutumia injini kama breki, inaisukuma ipige hewa tupu, na nishati inatoka nje. Mahali pake ni mteremko mrefu ambapo betri imejaa na hutaki breki zichemke. Na betri hujaa haraka kuliko unavyodhani. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 100 za kimo hubeba takriban kilowati-saa 0.38. Kompyuta huiweka betri kati ya asilimia 40 na 80, ikipenda kukaa karibu na 60, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni kama kilowati-saa 0.26. Anayeishi milimani asijilinganishe na anayeishi tambarare. Kila mteremko mrefu humwaga kile ambacho betri haikuweza kukipokea, na kila mlima hukidai tena kutoka tangini.

Kuna imani moja inayofanana na busara lakini inakula mafuta: kutembea kwa umeme kwa gharama yoyote. Dereva anaondoka taratibu mno, anazuia injini isiwake, anafurahia kimya. Umeme ule ulitengenezwa na injini, ukapita kwenye jenereta, ukaingia betri, ukatoka betri, ukaenda mota. Kila hatua ikipoteza asilimia 10 tu, hatua nne zinakuachia asilimia 66. Injini ikiisukuma gari moja kwa moja haipotezi hivyo. Tena ukishaimaliza betri kwa kunyatia, injini italazimika kuwaka baadaye kuijaza, pengine ukiwa umesimama kwenye foleni. Ondoka kwa nguvu ya wastani, kionyeshi cha dashibodi kikiwa nusu ya juu ya eneo la ECO (la kuokoa mafuta) bila kuingia PWR (la nguvu), fikia kasi unayoitaka, kisha legeza mguu. Injini ya Atkinson inapenda kufanya kazi ya maana kwa muda mfupi halafu ipumzike. Umeme uache kwa foleni, kwa maegesho, na kwa kushikilia mwendo mdogo pale kompyuta inapouchagua yenyewe.

Barabara kuu ni habari nyingine. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, unakaribia kuongezeka maradufu. Ni mara 1.89. Huko hakuna taa, hakuna kusimama, mota haina cha kuvuna, na injini inawaka karibu muda wote. Ndiyo maana Prius ile ilipimwa na EPA maili 51 kwa galoni mjini na 48 barabara kuu, kinyume cha gari la kawaida. Anayenunua haibridi ili aende kasi masafa marefu kila siku amenunua faida ambayo hataitumia sana. Keria juu ya paa huzidisha adhabu hii. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema sanduku kubwa la paani hula asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Ukimaliza kubeba, lifungue ulishushe. Mizigo ndani ya buti ina madhara madogo zaidi, kama asilimia 1 kwa kila kilo 45.

Kiyoyozi kinastahili dakika zake. Kwenye haibridi nyingi kompresa huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, ndiyo maana baridi haikatiki injini ikizima. Watu husahau kwamba mafuta yake hulipwa kwa saa, wala si kwa kilomita. Tuseme kinavuta kilowati 1, na petroli inageuzwa umeme kwa ufanisi wa asilimia 30: hiyo ni lita 0.37 kila saa. Ukiwa kwenye kilomita 90 kwa saa, imeongeza lita 0.4 kwa kilomita 100, huioni. Ukiwa kwenye foleni ya wastani wa kilomita 15 kwa saa, imeongeza lita 2.5 kwa kilomita 100. Kwa gari la lita 5, hiyo ni nusu nzima juu. Hakuna kilichoharibika, ni foleni na joto. Gari likiwa limeokwa na jua, fungua madirisha dakika mbili za mwanzo hewa moto itoke, kisha funga, weka hewa ya kuzunguka ndani, na chagua 24 au 25 badala ya 18.

Mafundi wa kiyoyozi, tafadhali sana: kompresa hii ya umeme hutumia oili ya aina ya POE, ile inayotajwa kwenye kibandiko chake, isiyopitisha umeme. Oili ya PAG ya magari ya kawaida, hata mabaki yaliyomo kwenye hozi za mashine yenu, hushusha kinga ya umeme ndani ya kompresa. Gari litagundua uvujaji wa umeme wa volti kubwa na linaweza kukataa kuingia READY, yaani hali ya kuwa tayari kuondoka. Mwenye gari alikuja kwa gesi, anaondoka na bili ya kompresa.

Penye baridi, shida ni kinyume chake. Joto la ndani linatoka kwenye maji ya injini, basi ukiweka kipasha joto juu kabisa injini itawaka hata ukiwa umesimama ili tu kukupashia miguu. Kizime mpaka injini ipate moto, au tumia kipasha cha kiti kama kipo.

Tairi. Pima upepo likiwa baridi, kabla ya kutembea, na ufuate kibandiko cha mlangoni. Prius tunayoitaja yenye rimu za inchi 15 ni psi 35 mbele na 33 nyuma. Hali ya hewa ikishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, psi moja huondoka. Lakini nasema wazi, upepo peke yake hauwezi kueleza gari lililopoteza robo ya uwezo wake. Makadirio ya Marekani ni asilimia 0.2 kwa kila psi inayopungua kwenye tairi zote. Aina ya tairi ina uzito zaidi. Upinzani wa kubingirika ukiongezeka kwa asilimia 10, matumizi hupanda asilimia 1 hadi 2, na tofauti ya upinzani huo kati ya tairi lililoundwa kwa ajili ya haibridi na lile la bei nafuu au la kashata nzito huweza kufika asilimia 30 au zaidi. Isitoshe tairi jipya, likiwa na kashata nene, hubingirika kwa uzito kuliko lilelile likiwa limelika. Ukibadilisha tairi zote nne na mafuta yakapanda kidogo wiki hiyohiyo, usikimbilie gereji.

Kimbilia gereji kwa breki zinazoshika, ambazo naona ndizo mwizi mkubwa asiyetafutwa. Kwenye haibridi mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, pedi hudumu miaka, na kwa sababu hiyo hakuna anayefungua magurudumu. Grisi ya pini za kalipa hukauka, kutu huingia, pedi hukwama kwenye reli zake. Pedi inabaki inalamba diski kilomita zote. Kipimo chake ni rahisi: endesha kama kilomita 10 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, halafu pima joto la kila diski kwa kipimajoto cha infraredi. Linganisha kushoto na kulia kwa ekseli ileile. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa nyuzi 20 au zaidi, fungua. Toa pini, zisafishe, zipake grisi ya silikoni ya breki; grisi ya kawaida huvimbisha mpira na utarudi hapohapo. Angalia na breki ya mkono ya nyuma. Tahadhari moja: kwenye haibridi nyingi pampu ya breki hujiwasha yenyewe, hata kwa kufungua mlango tu, na inaweza kusukuma pistoni mikono yako ikiwa pale. Fuata utaratibu wa mtengenezaji wa kuizima kabla ya kushika kalipa.

Oili nayo isichukuliwe kirahisi. Injini hii huzimwa na kuwashwa mara nyingi, na mara nyingi haiko kwenye joto kamili, hivyo oili nzito inaiumiza kuliko inavyoumiza injini inayowaka moja kwa moja. Ikiandikwa 0W-20, weka 0W-20, lita 4.2 pamoja na chujio kwa ile 1.8, na usipite alama ya juu. Kuweka 15W-40 "kwa sababu gari limezeeka" ni kulipa kila siku.

Chujio la hewa ninalipita haraka. Maabara ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima mwaka 2009 na kukuta kwamba kwenye injini za sindano za kisasa chujio lililoziba hupunguza kasi ya gari kuchomoka, si mafuta kwa kiasi cha kuonekana. Libadilishe kwa ajili ya afya ya injini. Petroli ya okteni ya juu vilevile haikupi kitu kama injini haikuiomba. Ethanoli, ndiyo: ina nishati pungufu kwa theluthi hivi, kwa hiyo petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inakupunguzia kama asilimia 3. Kwenye kompyuta, tazama marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani kiasi cha petroli ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya asilimia 5 kuongeza au kupunguza, ni sawa. Yakipita 10, tafuta hewa inayovuja, sensa ya hewa iliyochafuka, au sensa ya oksijeni iliyochoka.

Kwa Prius ya kizazi cha tatu na ndugu zake wa injini hiyo, ongeza ukaguzi wa mfumo wa kurudisha moshi, EGR. Kipoza moshi chake huziba kwa masizi. Moshi ukikosa kurudi, joto ndani ya silinda hupanda, kompyuta huchelewesha cheche ili kuzuia kugonga, na ufanisi unaporomoka. Zaidi ya mafuta, hali hii imehusishwa na gasketi za silinda hedi kuungua. Kitoe kipoza, valvu, na manifoldi ya kuingiza hewa pamoja. Kusafisha valvu peke yake ni kazi ya bure, kwa sababu kilichoziba zaidi ni kipoza.

Na sasa betri. Dalili zake za kweli zinaonekana kwenye geji: vijiti vinapanda kujaa kwa dakika chache kisha vinaporomoka kwenye kilima kidogo, injini inawaka ovyo ukiwa umesimama, feni ya nyuma inayopoza betri inapiga kelele muda wote. Anza na hiyo feni. Hewa yake inaingilia kando ya kiti cha nyuma, na pale hujazana vumbi, manyoya ya wanyama, nyuzi za zulia, au begi la mtu limeegemezwa. Betri ikipata joto, kompyuta hupunguza umeme inaoruhusu kuingia na kutoka, na hapo uvunaji wa breki unapungua hata kama seli ni nzima. Safisha chujio kama lipo, toa feni, piga mswaki mapezi yake. Kazi ya saa moja, na bei yake ni jasho.

Kisha soma volti za bloku. Moduli 28 husomwa kwa jozi, bloku 14. Usizisome gari likiwa limetulia; betri mgonjwa huonekana mzima akiwa kitandani. Zisome ukipanda kilima kwa nguvu, na tena ukifunga breki. Bloku zikitofautiana kwa volti 0.2 au 0.3 chini ya mzigo, betri bado inafaa. Bloku moja ikianguka volti 1 nzima chini ya wenzake, msimbo P0A80, ule wa betri kuchoka, uko njiani kama haujafika.

Kubadilisha moduli moja iliyokufa ni jambo linalouzwa sana. Moduli mpya kati ya 27 zilizochoka haina uwezo sawa nazo. Hujaa kwa wakati wake na kuisha kwa wakati wake, na baada ya miezi dhaifu inayofuata inaanguka. Kama bajeti hairuhusu betri nzima, pimeni moduli zote kwa kuzichaji na kuzimaliza, mzipange kwa uwezo unaokaribiana, na msafishe vipande vya shaba vinavyoziunganisha, maana kutu ya kijani hapo huongeza ukinzani na kutoa usomaji wa uongo. Kabla ya yote hayo, zima gari, tenganisha betri ya volti 12, vua plagi ya usalama ukiwa na glavu za umeme za volti 1,000, subiri dakika 10 kapasita za inveta zijimalize, kisha thibitisha kwa mita kwamba volti ni sifuri kabla ya kugusa chochote chenye waya wa rangi ya chungwa.